Jibu: Solo ya sindimba inakwama dakika ya pili

Habari mdau. Nimekusoma: una solo, yaani dansi ya kucheza peke yako, ya dakika tano ya mtihani, umeijenga juu ya sindimba, ngoma ya kukata kiuno, na ukifika dakika ya pili unarudia kiuno kilekile hadi mwisho.

Kabla hujaongeza hatua, angalia ngoma. Sindimba ya Wamakonde ni ya kundi. Wapigaji na wachezaji wanajibizana, na anayeingia katikati anabebwa na wenzake. Peke yako umebaki na nusu ya mazungumzo. Mimi huzima muziki, nikacheza kipande hicho nikihesabu kwa mdomo, simu ikirekodi kutoka ubavuni, si mbele. Ubavuni ndiko utaona magoti yamenyooka na kiuno kimekufa. Palipolegea, simama kabisa mapigo manane, kisha ijibu ngoma kwa bega au kisigino. Wanafunzi wengi wanaogopa kusimama, ila hapo ndipo macho yote yanakuja kwako.

Usijaze mapengo kwa sarakasi, tafadhali, tumeziona mno. Na mwisho utunge mapema. Ukishajua kama unaishia sakafuni au kwenye kona, katikati inakuwa rahisi kupanga. Mambo ya taa muulize fundi wa ukumbi.