Wasomaji Wanauliza: Manowari Ngapi, na Zinafika Wapi?

SUALI: Assalaam alaykum. Barazani kwetu ubishi hauishi. Mmoja anasema China imeshaipita Marekani kwa manowari, mwengine anasema huo ni uongo wa mtandaoni. Nani mkweli? (Msomaji, Mkunazini)

JIBU: Waalaykum salaam. Wote wawili wana hoja, na hamtoafikiana mpaka mkubaliane kwanza mnahesabu nini. Kwa idadi ya vyombo China inaongoza. Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe imeitaja kuwa na zaidi ya 370, na Marekani iko kwenye 290 na kitu. Lakini daftarini korveti (manowari ndogo) ya Kichina ya Type 056, yenye tani kama 1,500, huandikwa moja, na distroya (manowari kubwa) ya Kimarekani ya Arleigh Burke inayozidi tani 9,000 nayo huandikwa moja. Ukizitia zote kwenye mizani, Marekani bado nzito.

Sisi tungewaambia muhesabu matundu. Makombora ya manowari za sasa husimama wima chini ya sitaha, kila moja ndani ya tundu lenye mfuniko wake. Arleigh Burke zina matundu 90 au 96, distroya ya China ya Type 055 ina 112, frigeti yake (manowari ya ukubwa wa kati) ya Type 054A ina 32. Tundu likishafyatua limekwisha. Kulijaza kunataka kreni, gati na maji yaliyotulia, kwani kasha la kombora, refu la mita kadhaa, huteremshwa kwenye nafasi inayolitosha barabara. Chombo kikiyumba kidogo tu, kasha linagonga ukingoni. Oktoba 2024 Marekani iliijaribu kazi hiyo ikiwa baharini, kwenye manowari yake USS Chosin, lakini kawaida bado ni kurudi bandarini. Basi anayepigana karibu na kwao hujaza akarudi, na aliyetoka mbali hupoteza siku njiani. Karibu na Taiwan nafuu hiyo ni ya Mchina. Akishaingia Bahari ya Hindi, yeye ndiye wa mbali, na ndiyo maana kituo cha kijeshi alichokifungua Djibouti mwaka 2017 kina thamani kuliko manowari kadhaa.

Na msisahau theluthi. Katika meli tatu, kwa kawaida moja iko kazini, moja mazoezini, moja iko chelezoni inafanyiwa matengenezo. Viwanda vya meli vya China ni vingi na vinafanya kazi haraka, vya Marekani vinachelewa kujenga na kutengeneza pia. Hilo linawakosesha usingizi wakubwa wa Washington kuliko ile 370. Upande wa pili, mara ya mwisho wanamaji wa China kupigana na dola nyengine ilikuwa 1988, na Vietnam, tena kwa muda mfupi.

SUALI: Shikamooni. Nimesoma kuwa meli ya tatu ya China ya kubeba ndege ina manati, na zile mbili za India hazina. Manati ya nini tena kwenye meli? (Msomaji, Wete)

JIBU: Marahaba. Ndege ya kivita inataka njia ndefu ya kupaa, na sitaha haina urefu huo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuinua omo la meli kama mteremko uliogeuzwa, ndege ikimbie kwa nguvu zake na irushwe juu. Ndivyo zilivyo Liaoning (2012) na Shandong (2019) za China, na Vikramaditya (2013) na Vikrant (2022) za India. Ni rahisi na haiharibiki, ila ndege haiwezi kuondoka imejaa mafuta na silaha kwa pamoja, na ndege nzito ya injini za rafadha haipai kabisa.

Njia ya pili ndiyo hayo manati: kigari kinachopita kwenye mfereji wa sitaha hushikwa na gurudumu la mbele la ndege, kikaivuta kwa kasi. Meli nyingi za Marekani husukuma kigari hicho kwa mvuke, ila Gerald R. Ford yao na Fujian, hiyo meli ya tatu ya China, iliyoanza kazi Novemba 2025, hutumia umeme. Ford ina manati manne, Fujian matatu.

Faida kubwa ni kuweza kurusha ile ndege nzito ya rafadha inayobeba rada, kwa China ni KJ-600. Rada ya melini, kwa sababu ya mviringo wa dunia, huliona kombora linaloruka chini likiwa limebakia kilomita 30 hivi. Rada iliyoko angani huona mamia ya kilomita. Asiye na ndege hiyo hutegemea helikopta, na helikopta hairuki juu wala haikai sana. Kasoro ya Fujian ni kwamba haiendi kwa nyuklia kama zile 11 za Marekani, kwa hiyo lazima ifuatwe na meli ya mafuta.

Kununua chakavu nako kuna yake. Vikramaditya ilikuwa ya Warusi, ikatengenezwa upya kwa ajili ya India. Kwenye majaribio ya 2012 ilipopelekwa kasi kubwa, matofali ya kuzuia moto ndani ya maboila hayakuhimili, na maboila karibu yote yakaharibika. Makabidhiano yakasogea mwaka mzima.

SUALI: Je, ni kweli manowari ya Muingereza ilizamishwa hapa hapa bandarini Zanzibar? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kweli. HMS Pegasus, alfajiri ya 20 Septemba 1914. Ilikuwa imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa, haiwezi kuondoka. Manowari Königsberg ya Mjerumani ikatoka delta ya Rufiji ikaipiga kutoka mbali. Mitutu ilikaribiana kwa upana, milimita 105 ya Mjerumani kwa 102 ya Muingereza, lakini risasi za Pegasus zilianguka majini kabla ya kufika. Mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Königsberg nayo ikapata hitilafu ya mitambo, ikarudi Rufiji na kuzingirwa humo hadi ilipozamishwa Julai 1915.

SUALI: Manowari ya kigeni ikija Dar es Salaam au hapa, nitaitambuaje ni ya aina gani? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Tazama nambari ubavuni. Kwa China, tarakimu tatu zinazoanza na 1 ni distroya, 5 ni frigeti. Meli ya hospitali Peace Ark, iliyokwishafika Dar es Salaam zaidi ya mara moja, ni 866. Kisha tazama sitaha baina ya mzinga wa mbele na chumba cha nahodha: ukiona vifuniko vya mraba vilivyopangwa safu safu, ndiyo matundu tuliyoyataja. Vibao bapa kwenye pande za mnara ni rada isiyozunguka. Kutu inayochuruzika ubavuni haimaanishi meli mbovu. Mara nyingi imekaa baharini muda mrefu tu. Kamera iache mfukoni mpaka uulize wahusika.