Mnauliza, tunajibu: tambi za mchele wa kahawia

Tangu mwezi jana karibu kila swali ninalopata ni la zile tambi zenye rangi ya udongo zinazouzwa katika alimentation za hapa Bukavu, paketi imeandikwa "riz complet", yaani mchele wa kahawia. Leo nayajibu yote kwa pamoja.

Binti yangu ameniletea paketi mbili kutoka Kigali. Anataka niache spageti, eti hizi ndizo zenye afya. Ni kweli? (Mama, Kadutu)

Nusu ni kweli, Mama. Mchele wa kahawia umetolewa ganda gumu la nje tu. Pumba laini na kiini vimebaki, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, magnesi, manganizi na vitamini B1. Mashini ya kukoboa ikipita, sehemu kubwa ya hayo inakwenda na pumba. Daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliliona jambo hilo kule Java katika miaka ya 1890: kuku wake waliolishwa wali mweupe walilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakasimama tena. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo pumba si takataka.

Sasa nusu ya pili. Gramu 100 za tambi hizi zikiwa kavu zina kalori kama 350, wanga kama gramu 75, protini kama 7, na nyuzinyuzi 3 au 4. Spageti ya ngano uliyoambiwa uiache ina protini kama gramu 12. Kwa protini, spageti inashinda! Na kabla hujampongeza binti, geuza paketi usome nyuma. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Ukikuta "farine de riz" (unga wa mchele) bila neno "complet", huo ni mchele mweupe. Ukikuta "amidon de tapioca", ujue ni wanga wa muhogo. Muhogo, Mama, uliosafiri baharini ukarudi kwetu kwa bei ya dola.

Nina ugonjwa wa sukari, mwaka wa sita sasa. Muganga alinipunguzia wali. Hizi naweza kula bila kuhesabu? (Papa, Ibanda)

Hapana, Papa. Hesabu inabaki ile ile. Kwenye kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari, ambapo glukosi safi ni 100, wali mweupe uko kwenye 73 hivi na wa kahawia kwenye 68. Tofauti ipo, lakini haikupi ruhusa ya kujaza sahani. Gramu 50 za tambi kavu tayari ni gramu 37 au 38 za wanga.

Fanya hivi: tambi zichukue robo ya sahani, maharage au samaki robo, na nusu nzima iwe lenga-lenga au mboga nyingine ya majani. Usizipike hadi zikawa laini kama uji, kwa sababu chakula kilichoiva kupita kiasi humeng'enywa haraka, na sukari hupanda haraka. Kama una mashini ya kupimia nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, andika, umpelekee muganga daftari. Dawa zako usiziguse bila yeye.

Mimi ni mwanafunzi, nacheza mpira. Zinajenga misuli? (Kijana, Panzi)

Zinakupa nguvu za kukimbia. Misuli ijengwe na sambaza. Samaki huyu aliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndiye protini ya mfuko mdogo: akikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Siku ambayo hakuna sambaza, weka maharage. Protini ya mchele ina upungufu wa lisini, kimoja cha vijenzi vya protini, na maharage yanayo kwa wingi, ndiyo maana wali na maharage vinaelewana tangu zamani. Hela ya paketi moja ya tambi hizi, kijana wangu, nenda nayo sokoni uone itakuletea nini.

Nikila mkate tumbo linajaa na kuuma. Niache ngano nile hizi? (Dada, Bagira)

Mchele hauna gluteni, ile protini inayonata ya ngano, kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake unadhuriwa na gluteni, anaweza kula tambi hizi, mradi paketi isiwe imechanganywa na ngano. Mchuzi wa soya nao uangalie, mara nyingi una ngano ndani. Ila usiache mkate kabla ya kupimwa, dada. Kipimo cha damu cha ugonjwa huo kinahitaji uwe bado unakula ngano, la sivyo kinaweza kusema huna kumbe unao.

Nimesikia mchele una aseniki, ile sumu, na wa kahawia ndio mbaya zaidi. (Mama wa mtoto wa mwaka mmoja, Nguba)

Si uvumi. Mpunga hukua majini na hunyonya aseniki ya udongoni kuliko nafaka nyingine nyingi, na pumba ndiyo inayobeba zaidi. Kwa mtu mzima anayekula vyakula mbalimbali hilo si la kumkosesha usingizi. Kwa mtoto wako, usimpe mchele kila siku kwa kila mlo. Leo uji wa mtama, kesho viazi, keshokutwa ndizi. Na tambi zichemshe kwa maji mengi, kisha uyamwage yote. Vitamini B kidogo itakwenda na maji hayo, lakini hasara hiyo inavumilika.

Zangu zinakatika na kugandana kama gundi. Nakosea wapi? (Mama, Muhungu)

Hata mimi mara ya kwanza nilitoa bonge moja la kahawia, watoto wakauliza kama ni bugali. Kosa langu lilikuwa sufuria ndogo. Hakuna gluteni ya kuzishikilia, kwa hiyo zinataka nafasi. Weka maji lita moja kwa kila gramu 100, yachemke kwelikweli, makala yawe yamewaka vizuri kwenye mbabula. Tia tambi, zikoroge dakika ya kwanza ili zisishikane, kisha ziache. Maji yatakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, usiogope. Anza kuonja dakika moja kabla ya ile iliyoandikwa kwenye paketi. Ukiuma na kuona katikati bado kuna nukta ngumu nyembamba, ipua, mwaga, suuza mara moja kwa maji ya baridi yaliyo salama. Zitamalizikia kuiva ndani ya mchuzi.

Paketi iliyofunguliwa ifunge vizuri, iwe mbali na moto. Pumba ina mafuta, na mafuta huchacha. Zikinuka kama mafuta ya jana ya kukaangia, tupa, hata kama tarehe bado iko mbali.