Pango la nyumba ya Mombasa huhesabiwa lote, si kile kilichokufikia Leicester

SWALI: Assalaam alaykum ndugu mhasibu. Naishi Leicester, napikia watu harusi na shughuli. Mwaka wa kodi wa 2024-25 wateja walinilipa pauni 38,000. Nina fleti hapa niliyoipangisha kwa pauni 800 kwa mwezi, na nyumba Mombasa tuliyoachiwa na marehemu baba, anayeisimamia ni kaka yangu. Mpangaji hulipa shilingi 50,000 kwa mwezi, kaka hukata gharama za huko, na mwisho wa mwaka kinachonifikia ni kama pauni 2,100. Sasa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wameniandikia kwamba kuanzia 6 Aprili 2026 nimo kwenye Making Tax Digital, ule mfumo wa kutunza hesabu kwa programu na kuwapelekea kila robo mwaka. Faida yangu yote haifiki pauni 23,000! Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anasema nirekebishe ritani (ile taarifa ya kodi ya kila mwaka), niandike kilichonifikia tu, nitatolewa. Anataka pauni 250 na nywila yangu ya HMRC. Nimkubalie?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Usimkubalie. Na kama nywila umeshampa, ibadilishe sasa hivi, kisha urudi kusoma.

Kizingiti cha kuingia Aprili 2026 ni mapato yanayozidi pauni 50,000, biashara na pango kwa pamoja, kabla hujatoa hata peni moja ya gharama. (Nasema pango kwa ile anayolipa mpangaji, maana Kiswahili chetu huziita zote mbili kodi na watu huzichanganya hadi daftarini.) Upishi 38,000, fleti 9,600, na Mombasa shilingi 600,000 ambazo ni karibu pauni 3,600. Jumla 51,200. Hiyo faida ya 23,000 ndiyo utakayotozwa kodi, lakini kwenye kizingiti haiangaliwi kabisa.

Kosa la kuandika “kilichonifikia” nalikuta kila wiki, na huniuma kwa sababu wanaoliingia si wezi. Mpangaji anamtumia kaka kwa M-Pesa, kaka anamlipa fundi bomba, anatuma kilichobaki, na dada huku Uingereza anaamini pato lake ni hicho kilichobaki. Pato lako ni shilingi 50,000 alizolipa mpangaji. Fundi bomba ni gharama, ina mstari wake. Na nikiomba orodha ya makato, mara nyingi nakuta humo ada ya shule ya mpwa, dawa za mama, hata ukuta mpya wa ua. Ni mambo ya heri, lakini ada na dawa si gharama za kupangisha, na ukuta ambao haukuwapo ni ujenzi, hautolewi kwenye pango. Ukiandika kilichobaki, umeyaficha yote hayo ndani ya tarakimu moja na kodi imepungua bila haki. Fleti ya Leicester ni vivyo hivyo: kama wakala hukata ada yake kwanza, unaandika pauni 800 kamili. Kwenye upishi pia, ukiwalipa wasaidizi taslimu jikoni halafu ukapeleka benki zilizosalia, benki haioneshi mauzo yako.

Lipo swali ambalo bwana huyo wa WhatsApp hakukuuliza, nalo ndilo lenye maana. Unasema “tuliyoachiwa”. Je, mirathi imegawanywa? Kama kisheria nyumba ni yako na kaka, kinachohesabiwa kwako ni fungu lako la pango tu. Mkiwa wawili na mmegawana kwa faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu ambayo kaka hupata mara mbili ya dada, theluthi moja ni yako, yaani pauni 1,200, na jumla inashuka hadi 48,800. Hapo ritani ya 2024-25 ilikosewa kweli, na una hadi 31 Januari 2027 kuirekebisha, hati za mirathi zikiwa mkononi. Kama nyumba ni yako peke yako, usitunge mgao leo ili ufanane na kizingiti. Na hata ukitoka kwa haki, Aprili 2027 kizingiti kinashuka hadi 30,000 na Aprili 2028 hadi 20,000. Ulichokipata ni mwaka mmoja wa kupumua.

Hofu ya kulipa kodi mara nne, iondoe. Kila robo mwaka unapeleka muhtasari wa mapato na gharama. Tarehe za kulipa ni zile zile, 31 Januari na 31 Julai. Kwako mihtasari ni mitatu kila robo: upishi, fleti, na nyumba ya nje, kila mmoja peke yake. Kodi uliyolipa Kenya kwa pango hilo unaweza kuidai kama nafuu, isizidi kodi ya Uingereza juu ya pato hilo hilo.

Sasa hawa vishoka. Wanajua watu wetu wanaogopa bahasha ya HMRC, wanajua wengi hawataki kumuuliza mgeni mambo ya fedha, basi wanauza njia za mkato kwenye magrupu ya misiba na harusi. Wakala wa kweli ana akaunti yake ya uwakala, na wewe unamwidhinisha kupitia HMRC; nywila yako haihitaji. Anayeitaka anaweza kubadilisha akaunti ya benki na kudai marejesho kwa jina lako. Ritani ikiwa ya uongo, atakayeulizwa ni wewe. Kosa la makusudi, HMRC wanaweza kulifuata miaka 20 nyuma, na adhabu hufika asilimia 70 ya kodi iliyokosekana, hata 100 ukilificha. Kwa mapato ya nje ya nchi inaweza kuzidi hapo. Kishoka wako atakuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Muhtasari wa kwanza mwisho wake ni 7 Agosti 2026. Kuchelewesha mihtasari ya kila robo katika mwaka wa kodi wa 2026-27 hakuleti pointi za adhabu, lakini lazima yote iwe imeingia kabla ya ritani ya mwisho. HMRC hawana programu yao, ila zipo za bure za makampuni, na ukipenda Excel inaruhusiwa ikiwa na programu ya kuiunganisha nao. Risiti si lazima uzipige picha. Tarehe, kiasi na aina ya matumizi ndivyo vinavyotakiwa. Mwombe kaka taarifa ya M-Pesa tangu 6 Aprili, na mbele ya kila shilingi aliyokata aandike ilikwenda wapi.