Unakwenda mdomo wa Sabaki Februari? Hiyo lenzi ya pili iache nyumbani

Hapana. Hapana tena. Kama begi umeshalipanga, fungua zipu sasa hivi uitoe hiyo makro, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Umeandika kwamba una bodi moja, yaani kamera bila lenzi, lenzi ya kuvuta ya milimita 100-400 ya ndege na makro ya 100 ya wadudu. Kwamba utaanza na heroe na buabua pale mdomo wa Mto Sabaki, kisha "nabadilisha lenzi palepale" uwapige kereng'ende kwenye matete. Na kwamba umejiandaa kwa kununua kopo la hewa la kupulizia vumbi. Halafu ukauliza kasi ya shata, yale mapazia ya ndani yanayofunguka na kufunga kamera ikipiga, bei ya mtu wa kukuongoza msitu wa Arabuko-Sokoke, na kama usiku kuna wadudu wa kupiga kwa taa. Maswali mazuri. Lakini nilipofika kwenye "palepale", chai ilinipalia, na kwenye kopo la hewa nikaweka kikombe chini kabisa.

Yakhe, Sabaki si bustani ya hoteli. Mto ule huko bara unaitwa Athi, ukishuka unaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki, na njia nzima unazoa udongo. Mvua ikipiga bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi mpaka wageni wanadai warudishiwe pesa. Udongo wote huo na ule mchanga mwembamba unaometameta hutua upande wa pale mdomoni na Mambrui. Kiangazi jua linaukausha, kaskazi inauinua. Ukiwa umesimama huuoni. Lala kifudifudi, kama itakavyokubidi ukitaka jicho lako liwe sawa na la ndege, ndipo utauona: unakimbia juu ya ardhi kimo cha ugoko, mwembamba kama moshi, haupumziki. Kimo cha ugoko ndicho kimo cha kamera yako.

Mimi nilifanya kila kitu kama alivyofundisha bwana mmoja wa video, simtaji, ana wafuasi wengi na mimi sina nguvu za kesi. Zima kamera, upepo upe mgongo, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha haraka. Nikaupa mgongo. Nikaelekeza chini. Chini ndiko mchanga unakotoka! Na mgongo wa binadamu hauzuii upepo; upepo unauzunguka, unakutana tena mbele, unafanya kisulisuli kidogo hapohapo tumboni ulipoikumbatia kamera iko wazi. Yule bwana video yake kaipiga sebuleni, nyuma yake rafu ya vitabu na ua kwenye chungu. Upepo anaoujua ni wa feni.

Hata hivyo upepo peke yake haukunimaliza. Kilichonimaliza ni kifuniko. Kile kifuniko cha nyuma cha makro nilikitia mfuko wa shati, shati lilelile nililokuwa nimelalia mchangani. Nilipokitoa nikakifunga nyuma ya lenzi kubwa. Chembe zikahama kutoka mfukoni kwenda kwenye kifuniko, kutoka kwenye kifuniko kwenda kwenye kitako cha lenzi, na niliporudisha lenzi kubwa kwa sababu keremkerem wekundu walikuwa wameanza kupita, kitako kikazipeleka ndani ya kamera. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikazifungia mlango.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ndege unawapiga tundu la lenzi likiwa wazi, f5.6 au f6.3. Kwa tundu hilo uchafu kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, unatawanyika, picha inaonekana safi kabisa. Wadudu unawapiga f16, tundu dogo, ili kichwa na mkia vyote vionekane, na f16 haifichi kitu. Kwa hiyo nilirudi mjini nikitamba na buabua wangu, nikawaonyesha watu barazani, nikasifiwa. Siku niliyokwenda Gede kupiga vipepeo pale Kipepeo, ule mradi unaonunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wa kandokando ya msitu tangu 1993, kila kipepeo akatoka na madoa meusi, mengine kama unywele. Nikadhani kipepeo ana ugonjwa.

Ukitaka kuhakikisha yako, elekeza mbinguni kusiko na wingu, lenga ovyo, f16, piga, kuza picha. Fanya kabla ya safari, si baada.

Halafu kopo. Kijana wa dukani Mombasa aliniuzia kamera na kopo pamoja kama vile bwana na bibi harusi. Kopo lile ndani halina hewa tupu, lina gesi iliyogandamizwa mpaka ikawa majimaji. Ukilitikisa au kuliinamisha, hayo majimaji yanatoka. Na ndani ya kamera utapulizaje usiliinamishe? Likatema utando mweupe baridi juu ya kioo cha sensa, ukakauka ukaacha ramani. Chembe zilizokuwa zimetulia zikapeperushwa zikaingia kwenye shata. Kijana huyohuyo ndiye aliyeniapia kwamba bodi ile imezibwa kila upande, "hata ukitaka kuoga nayo". Imezibwa, ndiyo, lenzi ikiwa imefungwa! Ukitoa lenzi umeng'oa mlango wa nyumba, halafu unasifia madirisha yalivyo imara.

Kabla hamjaanza kunicheka: kitabu cha maelekezo nilikisoma. Nilisoma ukurasa wa betri.

Ningekomea hapo ningelipa pesa za kusafishiwa tu. Lakini nina aibu, sikutaka kuwarudia wale wa duka, nikampelekea fundi mmoja mjini, hodari wa simu na redio. Akachukua pamba ya masikio, akachovya spiriti, akasugua. Mchanga bado upo. Fikiria sauti yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikasema "polepole fundi", naye akaniambia usijali. Aliporudisha, madoa yamepungua kweli, ila kuna mkwaruzo umekatiza kioo pembe hadi pembe. Na baada ya muda mfupi shata ikaanza kukoroma, kra, kra, kama mtu anatafuna wali wenye mawe, mpaka ikajikunja ikakwama. Nairobi wakabadilisha shata na sensa. Bili ilizidi nusu ya bei ya kamera yenyewe, na mama watoto mpaka leo akiniona nimeshika begi la kamera huuliza kama tunakwenda kupiga picha au kuchimba mchanga. Barazani naitwa Bwana Mchanga. Nimezoea.

Utaniambia yako ni ya kisasa, haina kile kioo cha kujikunja ndani. Ndiyo mbaya zaidi! Ukitoa lenzi sensa iko wazi inakutazama. Baadhi hufunga shata ukizima kamera. Basi mchanga utatua juu ya mapazia ya shata badala ya sensa, na mapazia hayo ni membamba mno, huyagusi hata kwa kidole. Chagua unachotaka kiharibike.

Kwa hiyo: lenzi moja, mlangoni mpaka mlangoni. Unaifunga nyumbani, feni imezimwa, unaifungua nyumbani. Katikati hapo hata aje ndege wa peponi, kamera haifunguliwi.

Na wadudu? Huihitaji makro. Kuna kioo cha kukuzia kinachofungwa mbele ya lenzi kwa skrubu, kama filta. Tafuta chenye nguvu ya +2 cha kipenyo cha lenzi yako. Ukikifunga, lenzi iliyolengwa mbali kabisa sasa inalenga kitu kilicho nusu mita kutoka kwenye hicho kioo. Ukivuta lenzi mpaka 400 kereng'ende hata haenei kwenye picha, itabidi urudi 200 hivi. Kinafungwa mbele, kikiingia mchanga unapuliza kwa pampu ndogo ya mpira, maisha yanaendelea. Na hata bila hicho, lenzi nyingi za 100-400 zinasogea mpaka mita moja na kidogo, zinamtosha kipepeo mkubwa na panzi. Nenda alfajiri, upepo bado umelala na kereng'ende wameshikilia matete hawajachangamka. Kishawishi nakijua, wale wa manjano wanaoaminika kuvuka Bahari ya Hindi wakibebwa na kaskazi, nani hatawataka? Watake kwa lenzi iliyokwishafungwa.

Lenzi hiyo nayo inarefuka ukivuta, na ikirefuka inanyonya hewa. Pangusa shingo yake kwa brashi kabla hujairudisha ndani. Ukifika nyumbani, kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi ya bomba, futa chumvi yote nje, acha ikauke, ndipo ufikirie kufungua.

Kuna atakayekuja hapa chini akuambie "badilishia ndani ya gari". Sawa, vioo vyote juu, kipoza hewa kimezimwa, mikono imenawa, na hicho kifuniko kikae kwenye kikopo chake chenye mfuniko, kisiguse mfuko wa nguo. Tuktuk si gari kwa jambo hili. Bodaboda ndiyo usiseme. Mimi hata kwenye gari sibadilishi.

Kasi ya shata: buabua akiruka anza 1/2000 ya sekunde, heroe aliyesimama hata 1/500 inatosha. Na pale mdomoni kuna viboko, usilale kwenye njia yao ya kwenda majini ukamtazama sungusungu kwa lenzi huku kiboko anakutazama wewe. Waulize vijana wa pale wamepita wapi usiku.

Sokoke uliuliza nini? Mwongozo, ndiyo. Mchukue tu, bila yeye kile kibundi kidogo cha Sokoke utakipita kimelala mbele ya pua yako. Bei wataitaja wengine, na wa taa za usiku pia wapo humu. Wewe rudi uniambie jambo moja: kopo umelirudisha dukani au bado?