Biblia na kazi ya dagaa

Dada, umesema alfajiri unawahi dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, usiku unasinzia Biblia mkononi, na mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka umekwama kwenye kitabu cha Walawi. Usijilaumu. Walawi huwakwamisha wengi, maana sheria za sadaka zinafuatana karibu bila simulizi. Kiache kwanza, anza na Marko: sura 16, nusu sura kwa siku, mwezi mmoja hivi. Soma dagaa wakishaanikwa, kabla hujaanza kuwageuza. Hapo akili iko macho. Zima data, kwani ujumbe mmoja wa mteja unakula muda wote. Rudia kwa sauti, kisha andika mstari mmoja kwenye daftari la mauzo na uuombee huohuo. Ukikosa siku, usirundike deni la sura, endelea ulipoishia. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, soma Ruthu yote. Ni sura 4 tu.