Ukisikia neno lako kinywani mwa mgeni

Mimi hutembeza wageni Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, hapa Mombasa. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza ni lugha gani wajifunze kwanza, nami huwaambia: kabla ya lugha yoyote, jifunze kutoliamini sikio linapokutana na neno unalolijua.

Chukua kasa. Kwetu ni yule wa baharini mwenye gamba, apandaye ufukweni kutaga mayai. Mwitaliano yeye "casa" yake ni nyumba. Akikwambia "torniamo a casa" amechoka, ataka kurudi alikofikia. Ukimpakia mashuani kumtafutia kasa utamtesa bure. Sera kwake ni jioni, na mali ni maovu. Baharia Mfilipino anayeshuka bandarini Kilindini naye akitaja bata, anamkumbuka mtoto. Baba kwa Kitagalogi ni kidevu.

Hakuna ajabu hapo. Maneno mafupi ya silabi wazi, ka-sa, ba-ta, hutengenezwa kwa sauti chache ambazo karibu kila lugha inazo. Lazima yagongane.

Majina ya jamaa ndiyo yanayonivutia zaidi. Nenda Biashara Street kwenye maduka ya leso, umsikilize mtoto wa Kigujarati akiita "dada": atakayeitika ni babu yake mzaa baba. Mama kwao ni mjomba. Na huko Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, mama ni baba mzazi, na aliyemzaa mtoto huitwa deda! Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1959: mtoto mchanga huanza na sauti nyepesi za midomo kama m, b na p, kisha wakubwa ndio wanaozipa maana. Kila jamii ikachagua yake.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, tusiwaambie wageni kwamba lugha fulani ni ndugu ya Kiswahili kwa neno moja tu lililofanana. Undugu tunao jirani. Sisi twasema maji, jina, jua. Mgiriama asema madzi, dzina, dzua. Ona j yetu inavyokuwa dz yake, neno baada ya neno, na maana haikuhama. Huo ndio ushahidi. Neno "karibu" nalo ni jambo jingine: tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kutokuwa mbali, sisi tukaliongezea kumpokea mgeni.

Daftarini, basi, usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima, nani aliisema, na alikuwa akifanya nini. Si "sera", bali "buona sera", wakati wa magharibi, mlangoni mwa hoteli. Kesho yake mwamkie mgeni kwa maneno hayo hayo, umwombe akusahihishe matamshi. Wengi hufurahi kuombwa.