Maswali Yenu: Dirisha Pana, Karatasi Nyembamba

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, kwa vijana wanaoandika programu za kompyuta kwa ajili ya vyama vya msingi, maghala na maduka. Zote zinazunguka jambo moja: kwenye skrini kila kitu kimekaa vizuri, lakini kwenye karatasi kimekatika, kimesinyaa au kimehama.

Swali, kutoka Masasi: Wataalamu, hamjambo? Ninaandika kwa C# programu ya mapokezi ya korosho ya chama chetu cha msingi. Karani anajaza namba ya mkulima, idadi ya magunia, uzito ghafi, uzito halisi na daraja. Nimeweka kitufe cha kuprinti fomu nzima. Karatasi ya A4 inatoka na upande wa kushoto tu, uzito halisi na daraja havionekani. Nikipunguza kwa kubahatisha namba, vinaingia vyote lakini havisomeki. Nifanyeje?

Jibu: Hatujambo, ndugu yetu. Tuanze na hesabu, maana shida yote iko hapo. Tuchukulie dirisha lako lina pikseli, yaani nukta za skrini, 1280 kwa 700. Skrini ikiwa kwenye asilimia 100, Windows huhesabu pikseli 96 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya dirisha hilo ikichorwa ilivyo inataka upana wa inchi 13.3. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, yaani inchi 8.27 kwa 11.69. Ukianza kuchora baada ya pambizo ya inchi moja, unabakiwa na inchi 7.27, ambazo ni kama pikseli 698. Zile 582 zilizobaki, pamoja na uzito halisi na daraja, zimeangukia nje ya karatasi. Printa yako ni nzima.

Sasa, PrintDocument, chombo cha C# cha kuchapa, haipimi kwa pikseli. Inapima kwa sehemu za mia za inchi, na kwake A4 iliyosimama wima ni 827 kwa 1169. Pambizo ambazo hukuzigusa ni 100 kila upande, hivyo MarginBounds, yaani eneo lililo ndani ya pambizo, inakupa 627 kwa 969. Unachotafuta ni uwiano mmoja tu: gawanya upana wa eneo kwa upana wa picha, gawanya kimo cha eneo kwa kimo cha picha, kisha chukua jibu dogo na ulitumie pande zote mbili. Ukichukua kubwa, upande mmoja utamwagika nje. Ukimpa kila upande uwiano wake, herufi zitavutika na nembo ya chama ya duara itatoka kama yai.

Bitmap picha = new Bitmap(pnlFomu.Width, pnlFomu.Height);
pnlFomu.DrawToBitmap(picha, new Rectangle(0, 0, picha.Width, picha.Height));

Hayo fanya kabla ya kuita Print. Halafu ndani ya PrintPage, tukio linalochora ukurasa:

Rectangle eneo = e.MarginBounds;
float k = Math.Min((float)eneo.Width / picha.Width, (float)eneo.Height / picha.Height);
e.Graphics.DrawImage(picha, eneo.Left, eneo.Top, picha.Width * k, picha.Height * k);
e.HasMorePages = false;

Neno (float) usilisahau. Bila hilo, C# inagawanya namba kamili kwa namba kamili: 627 kwa 1280 inakuwa sifuri, na karatasi inatoka nyeupe kabisa. Wengi wakifika hapo hufungua printa wakidhani wino umekwisha.

Hapo dirisha lote litaingia, ila malalamiko yako ya pili yanabaki. Uwiano ni 0.49. Herufi ya pointi 9 (pointi 72 ni inchi moja) ina kimo cha pikseli 12 kwenye skrini, na ikipunguzwa hivyo inashuka hadi pointi 4.2 hivi. Mzee wa miaka 60 hawezi kuisoma, na hata kijana ataisogeza karibu na pua. Dirisha pana linataka karatasi ya mlalo. Weka DefaultPageSettings.Landscape = true, na punguza pambizo ziwe nusu inchi: new Margins(50, 50, 50, 50). Yote mawili yawekwe kabla ya Print. Ukiyaweka ndani ya PrintPage, ukurasa ule umeshapita. Sasa eneo lina 1069 kwa 727, uwiano unapanda hadi 0.835 na herufi inakuwa pointi 7.2. Inasomeka.

Tumetumia DrawToBitmap juu ya paneli kwa makusudi. CopyFromScreen hupiga picha ya kilichopo mbele ya skrini wakati huo, na mara nyingi kilichopo mbele ni kisanduku cha kuchagua printa, kwa hiyo nacho kinatokea kwenye karatasi. Paneli pia inaacha nje kichwa cha dirisha na vitufe vyake. Ila ujue kwamba RichTextBox haichoriki vizuri kwa njia hii, hutoka fremu tupu. Maelezo yakae kwenye TextBox ya kawaida.

Baada ya hayo yote, ushauri wetu wa dhati: picha ya dirisha itumieni kwa kumbukumbu za ofisini tu. Karatasi anayoondoka nayo mkulima ichoreni upya kwa DrawString (maandishi) na DrawLine (mistari). Picha ya pikseli 1280 iliyotandazwa kwenye inchi 10.69 ina nukta kama 120 kwa inchi, wakati printa ya leza ya kawaida inaweza 600, ndiyo maana maandishi yanakuwa na ukungu. DrawString inampa printa herufi zenyewe, naye anazichora kwa uwezo wake wote. Tarakimu 3 na 8 zikifanana kwenye uzito halisi, anayepata hasara ni mtu aliyepalilia mikorosho mwaka mzima.

Tena hapo utaokoa karatasi. A4 wima ikikatwa katikati inatoa vipande viwili vya A5. Chora stakabadhi moja kuanzia juu, rudia ileile kwa kuongeza 584 (nusu ya 1169) kwenye kila kipimo cha wima, na katikati weka mstari wa nukta wa kukatia. Kipande kimoja cha mkulima, kingine cha chama. Kwa pambizo za nusu inchi kila kipande kina nafasi ya 727 kwa 484, inatosha mistari 20 ya herufi za pointi 10 na mahali pa sahihi.

Swali, kutoka Nachingwea: Jedwali langu la DataGridView lina mistari 137 lakini karatasi inaonyesha ile 18 tu inayoonekana kwenye skrini. Nimejaribu kurasa nyingi, zikatoka bila mwisho mpaka nikachomoa waya. Na nikitazama kwanza kwenye onyesho la kabla ya kuprinti kisha nikaprinti, zinatoka karatasi zenye kichwa tu.

Jibu: Hayo ni makosa matatu. La kwanza, DrawToBitmap inachora kilicho mbele ya macho, mistari iliyojificha chini ya kitelezi haimo. Kulirefusha jedwali hadi mistari yote ionekane kunawezekana, ila ukilibana lote kwenye ukurasa mmoja herufi zitakuwa vumbi. Chora mstari kwa mstari.

Piga hesabu ya ukurasa. A4 wima yenye pambizo za 50 ina kimo cha 1069. Toa 120 za kichwa na 60 za namba ya ukurasa, zinabaki 889. Kila mstari ukipewa 22, ukurasa unabeba 40. Mistari 137 ni kurasa nne: 40, 40, 40 na 17.

La pili, kurasa zisizoisha. PrintPage huitwa upya kwa kila ukurasa, kwa hiyo kihesabu cha mstari ulipofikia kisitangazwe ndani yake. Kikiwa ndani, kila ukurasa unaanza mstari wa 0, unakuta bado kuna mistari, unaomba ukurasa mwingine, na ndivyo rimu linavyokwisha. Kitangaze juu kwenye darasa, na mwisho wa PrintPage andika e.HasMorePages = mstari < jumla.

La tatu linatokana na hilohilo. Onyesho nalo linapitia PrintPage, hivyo likimaliza kihesabu kiko 137. Ukibonyeza kuchapa, programu inaona kazi imeshakwisha. Tukio la BeginPrint huitwa mwanzoni mwa kila safari, iwe onyesho au karatasi. Humo ndimo pa kuandika mstari = 0.

Na kichwa cha jedwali kirudie kila ukurasa, tafadhali. Ukurasa wa tatu wenye tarakimu tupu unamlazimisha mhasibu kurudi wa kwanza kila mara kukumbuka safu ipi ni uzito na ipi ni malipo.

Swali, kutoka Lindi mjini: Mimi natumia Java, programu ni ya ghala la ufuta. Nimepunguza picha kwa scale lakini imebanwa juu kabisa kwenye kona na mstari wa kwanza umeliwa. Pia maandishi yana ukungu.

Jibu: Java hupima kwa pointi, 72 kwa inchi, na pikseli moja ya dirisha huhesabiwa pointi moja. Dirisha la pikseli 1280 linageuka inchi 17.8! A4 ina pointi 595 kwa 842. Ukiacha 36 kila upande unabaki na upana wa 523, uwiano 0.409. Kona inaliwa kwa sababu umepunguza kwanza ndipo ukasogeza. Pambizo nayo imepunguzwa, 36 zikawa 15 hivi, na printa nyingi haziwezi kuchapa karibu hivyo na ukingo. Geuza mpangilio:

g2.translate(pf.getImageableX(), pf.getImageableY());
g2.scale(k, k);
paneli.printAll(g2);

Ukungu utaondoka kwa hiyo printAll, kama ulikuwa unaita paint. paint huweza kupitia picha ya akiba ya skrini, ikachapa pikseli. printAll huchora moja kwa moja kwenye karatasi.

Mambo mawili zaidi yatakusumbua kesho. Java huita print ya ukurasa uleule zaidi ya mara moja, hivyo usiongeze kihesabu chochote humo, tegemea pageIndex tu, namba ya ukurasa unayopewa na Java, na ikizidi kurasa zako rudisha NO_SUCH_PAGE. Halafu karatasi ambayo Java huianzisha yenyewe ni Letter ya Marekani, pointi 612 kwa 792. Taja A4 waziwazi kwa MediaSizeName.ISO_A4.

Swali, kutoka Tandahimba: Chama kimenunua printa ndogo ya risiti ya milimita 80. Naweza kubana fomu ileile iingie humo?

Jibu: Itaingia, lakini hakuna atakayeisoma. Karatasi ni milimita 80 ila kichwa cha printa kwa kawaida kinachapa 72, nukta 576 tu. Zile za 58 zinachapa 48, nukta 384. Milimita 72 ni 283 kwa vipimo vya PrintDocument, na dirisha la 1280 likifikishwa hapo linabaki na uwiano wa 0.22. Panga upya: jina la kitu kushoto, tarakimu kulia, kimoja kila mstari. Urefu wa karatasi uhesabu kwa idadi ya mistari, kisha uunde new PaperSize("Risiti", 283, urefu). Ukiiacha saizi ikiwa bado A4, printa inaweza kusukuma karatasi tupu karibu sentimita 30 kwa kila mkulima.

Fikirieni pia umri wa karatasi hiyo. Maandishi yake yanatokana na joto, hayana wino. Ikikaa juani au ikikunjwa kwenye mfuko wa nailoni hufifia. Mkulima anaitunza hadi mnada upite na malipo yaingie, kwa hiyo tungependa apewe A5 ya kawaida, na risiti ya joto ibaki kwa matumizi ya siku hiyohiyo.

Swali, kutoka Mikindani: Kwenye onyesho kila kitu kiko katikati, kwenye karatasi kimesogea kulia na chini kidogo. Kwenye kompyuta ya pili printa inawasha taa na kusubiri karatasi wakati ipo.

Jibu: Kusogea kunatokana na ukingo ambao printa haiwezi kuugusa. Sifuri ya karatasi huanzia pale printa inapoweza kuchapa, lakini sifuri ya onyesho huanzia kona yenyewe. Weka OriginAtMargins = true, kisha chora kuanzia 0, 0 badala ya eneo.Left na eneo.Top.

Taa ni ya saizi. Draiva, yaani programu inayoendesha printa, kwenye kompyuta hiyo imewekwa Letter, nawe umetia A4. Usiitegemee mipangilio ya mtu: pitia PrinterSettings.PaperSizes, tafuta ile ambayo Kind yake ni PaperKind.A4, na uiweke kwenye DefaultPageSettings.PaperSize.

Kabla ya kumkabidhi mteja kazi, chora mraba wa 100 kwa 100, uchape, uupime kwa rula. Lazima uwe milimita 25.4 kila upande. Ukikuta 24 au chini, ndani ya draiva kuna mpangilio wa kubana ukurasa uingie, nao unapunguza juu ya uwiano wako. Uzime, upime tena.